Waziri wa Chumba cha Juu

Siku ya kwanza nilimkana, na sijapata namna nzuri zaidi ya kuanza kumweleza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye foleni ya samaki, soko la Walthamstow hapa London, na yale manyunyu ya hapa ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Bwana mmoja mrefu mwenye tai alikuja nyuma yangu akauliza, "Wa mwisho ni nani?" Nikasema ni mimi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa risiti, akaondoka zake. Nikamwona kwa mbali akikagua vitunguu, kisha akikagua soli za viatu. Aliporudi, mama mmoja wa Kijamaika na kitoroli chake alikuwa ameshasimama nyuma yangu. Yule bwana akaingia katikati yetu bila wasiwasi wowote.

"We!" yule mama akafoka. "Foleni inaanzia kule."

"Mimi niko nyuma ya huyu mama," akasema kwa utulivu. "Muulize. Anajua."

Wote wawili wakanitazama. Mimi nikatazama vibua.

Nilikuwa mgeni kidogo hapo sokoni, sikutaka makuu. Akaenda mwisho kabisa, na zamu yake ilipofika nadhani palikuwa pamebaki vichwa tu.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mlangoni petu anahangaika na ufunguo. Kumbe ndiye mpangaji mpya wa chumba cha juu. Nikatamani ardhi inimeze. Hakunilaumu hata kidogo. Alinieleza tu, kama mwalimu, kwamba kwao Ukraine mtu akifika kwenye foleni huuliza wa mwisho ni nani, na akishajibiwa ameshika nafasi. Anaweza kwenda kununua mkate, anaweza kwenda kukaa kivulini, na yule aliye mbele yake ndiye shahidi wake. Akija mwingine, shahidi husema: kuna mtu nyuma yangu. Kwenye foleni ya kwao mtu husimama kwa neno la mwenzake.

"Hapa mnasimama kwa miguu," akasema. "Nitajifunza."

Hakujifunza. Miaka yote niliyokaa naye nyumba moja, yeye juu na mimi na binti yangu chini, aliendelea kuuliza wa mwisho ni nani, posta, kwa daktari, hata kituo cha basi, akaondoka, akarudi, akagombana na watu. Mtu aliyesoma kiasi kile. Mimi niliyeishia darasa la saba nilikuwa namfundisha: Mzee, hapa usitoke. Ananisikiliza vizuri sana, kisha anatoka.

Jina la Waziri tulimpa sisi, kabla serikali ya kwao haijampa. Kila Jumanne alitoa mapipa ya taka barabarani amevaa shati jeupe na ile tai yake moja ya rangi ya damu ya mzee. Alitoa yetu, akatoa ya jirani wa kushoto, akatoa ya bibi wa kulia asiyeweza kuinama, akayapanga ukingoni vishikio vyote vikitazama upande mmoja. Shoga yangu Bi Rehema, mtu wa Unguja anayekaa mtaa wa pili, alimkuta siku moja akasimama na mifuko yake mkononi.

"Mama Neema, na huyu nani? Waziri wa Takataka?" Kisha akampungia mkono. "Hujambo, Mheshimiwa!"

Yule mpangaji akaniuliza maana yake. Nikamwambia, uso umenishuka. Akafikiri kidogo akasema, "Ni wizara nzuri. Hakuna anayekusifu mpaka siku usipokwenda kazini."

Tangu hapo akawa Waziri, na akawa anaitikia.

Kuzaliwa kwake na ukoo wake sivijui na sitabuni. Ninayemjua, kwa kusimuliwa, ni mama yake. Alikuwa karani wa tiketi kwenye stesheni ndogo ya mji mdogo, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya stesheni yenyewe, ukuta mmoja na dirisha la tiketi. Waziri alifanya kazi za shule chini ya meza ya mama yake, miguu ya mama upande huu na yeye upande huu, akisikia sauti za watu asiowaona sura wakitaja wanakokwenda. Na akitaka kusafiri mwenyewe, alizunguka nje, akapanga foleni, akafika dirishani. Mama yake hakumwita mwanangu pale.

"Abiria," alimwambia, "unakwenda wapi?"

Alilipa nauli kama watu wengine. Alinisimulia hayo mara nyingi, na kila mara uso wake ulijaa fahari. Mimi nilimwona huyo mama mkali mno. Lakini mimi sikuwapo, na upendo wa watu una nguo nyingi.

Kazi yake hapa ilikuwa kufundisha uchumi chuoni, na uchumi wake ulikuwa wa reli: treni ipi iende wapi, mara ngapi, kwa faida ya nani. Alinifafanulia mezani kwangu kwa maharage niliyokuwa nachambua. Anaweka maharage mengi huku, machache kule, anavuta treni ya kiberiti. Ukiendesha treni tupu kwa sababu unawaonea huruma hawa wachache, alisema, breki za hawa wengi utazitengeneza kwa fedha gani? Alikuwa na msemo wake: "Huruma isiyopiga hesabu humwua mtu wa mbali." Nikimuuliza mtu wa mbali ni nani, alisema ni yule usiyemwona sura. Daima yupo, alisema, na hana wa kumsemea, ndiyo maana tumeumbwa wachumi.

Sikukubaliana naye. Nikaishia kumwambia arudishe maharage yangu.

Na huyo mtu wa hesabu kali alimwekea mbweha mkate nyuma ya nyumba. Nilimwona kwa macho yangu. Mbweha mmoja tu, mwenye mguu mbovu, wengine aliwafukuza. Nikamuuliza, Mzee, na hao je, wa mbali? Akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema kilema si sera.

Aliwahi kuniletea mfuko wa nafaka ya kwao, nyeusi nyeusi, yenye pembe tatu. Nikaipika, Neema akasema inanuka kama vumbi la zulia, nikaimwaga. Nikasahau kuwa mapipa anayatoa yeye. Jumanne akaniita nje, akafunua pipa, akanionyesha. Jumatano akaniletea mfuko mwingine na maelekezo kwenye karatasi, hatua kwa hatua. Ugali nao aliupenda, ila alikataa kuwa ni wetu. "Watu wa milimani kwetu hupika huu huu, mahindi haya haya, hutia jibini. Mnadhani mlibuni ninyi?" Tulibishana hivyo miaka.

Nilimfundisha shikamoo. Akaipenda mno, akaivuruga kabisa, akawa anamwamkia kila mtu. Neema akiwa na miaka sita anatoka mlangoni na begi la shule, mzee wa watu anasimama kando, "Shikamoo, Neema." Mtoto anacheka, anamjibu kwa Kiingereza kama anavyotujibu sote. Nikamkataza Waziri: mkubwa ndiye anayeamkiwa. Akasema, "Ukubwa unagawiwa vibaya. Mimi nauzungusha."

Basi wakamwita kweli. Serikali ya kwao ilikuwa imebadilika, wakataka watu waliosoma nje na wasio na jamaa wa kuwajaza ofisini. Alianza kuwa mshauri, kisha naibu, kisha waziri mwenyewe, wa wizara iliyoshika mambo ya reli. Bi Rehema alinijia mbio na simu mkononi. Kwenye picha Waziri anakula kiapo.

"Shoga, angalia! Tai! Ile tai ya mapipa!"

Tulicheka mpaka machozi. Halafu tukajiona kama tumemroga.

Sikuzifuata sana siasa zake, na nikisema nazijua nitakuwa naongopa. Niliyosikia ni haya. Alikwenda kazini kwa treni ya kawaida. Alikataa kumpa kazi mtoto wa rafiki yake, urafiki ukafa. Wengine walimsifu kwamba hakula hata senti, wengine walimchukia kwamba hana moyo. Nadhani wote walimwona mtu mmoja yule yule.

Alirudi London mara moja akiwa madarakani, kwenye mkutano fulani. Jumapili mchana gari jeusi likasimama mbele ya nyumba yetu, dereva akabaki ndani. Waziri akaingia jikoni kwangu, akavua koti, akala ugali na sato kwa mkono. Alikuwa amezeeka. Aliponawa, alitoa karatasi mfukoni akaifungua mezani.

"Hizi ni njia ndogo za reli tunazofunga," akasema. "Abiria hakuna. Fedha yake itatengeneza mabehewa ya njia kubwa." Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hii inaishia kwenye stesheni ya mama yangu."

Akaendelea kwamba msaidizi wake ameshamwambia jina hilo linaweza kufutwa tu orodhani, njia ibaki, nani atauliza?

"Ungekuwa wewe, Mama Neema, ungefanya nini?"

Nataka niandike hili bila kujipunguzia. Waziri wa serikali alikuwa ameniuliza mimi, mwosha wazee wa watu, na nilivimba kichwa. Nikamjibu haraka. Nikamwambia, "Usimpendelee mama yako. Watu watajua, na neno lako halitasimama tena." Nikamsimulia mwaka niliomaliza darasa la saba, kule kwetu Morogoro. Tulifaulu wasichana wawili, nafasi ya sekondari ilikuwa moja. Alama zangu zilikuwa juu. Nafasi ikaenda kwa mpwa wa mwalimu mkuu. Na mimi nikaja huku Ulaya kubeba maboksi. "Mtu akiruka foleni mara moja," nikamwambia, "nyuma yake kuna mtu maisha yake yamegeuka, na hamjui."

Alinisikiliza, kidole chake bado kiko pale pale. Kisha akakunja karatasi.

"Umesema kama mama yangu," akasema. "Asante."

Kabla ya kupanda gari aliona mapipa yamekaa ovyo. Akayapanga.

Njia ikafungwa. Mama yake, aliniambia baadaye, alimpigia simu akamwambia, "Umefanya sawa, abiria," kisha hakupokea simu yake majira yote ya baridi.

Kuanguka kwake sikukuelewa vizuri. Serikali ilibadilika tena, akaachwa nje. Akarudi chumba cha juu, kile kile, na sanduku moja na ile tai. Chuoni wakampa masaa machache. Hapo maneno yakaanza huku kwetu.

"Waziri gani anarudi kupanga chumba?" Bi Rehema alisema. "Angekuwa wa kwetu angeshajenga ghorofa, na shemeji zake wote wana ghorofa."

"Ndiyo maana kwetu hakuna barabara," nikamwambia.

"Barabara hailali mtu, Mama Neema. Huyu ni mjinga, tena mjinga msafi. Hao ndio wabaya."

Nilikasirika. Lakini ni Bi Rehema huyo huyo aliyempelekea mikate ya kumimina kila Ijumaa, akisema ati imebaki.

Kisha vita vikubwa vikaja kwao.

Mji wa mama yake ulikuwa upande ambao vita vilifika mapema. Kwenye simu zetu tuliona treni zikibeba watu, wanawake na watoto na paka kwenye mifuko, madirisha yamejaa viganja. Na hapa lazima niwe mwadilifu, hata kama inaniuma: mabehewa yale yalitengenezwa kwa fedha ya zile njia zilizofungwa. Aliniambia mwenyewe, bila kujisifu. Aliyatambua kwa rangi. Maelfu walitoka ndani yake. Lakini kwa mama yake hapakuwa na treni. Reli ilikuwa ipo, majani yameota katikati, na stesheni iliyofanya kazi ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu kwa mtu wa umri ule.

Alikuwa anakaa kwenye ngazi za ndani kwa sababu hapo simu ilishika vizuri. Naenda kazini asubuhi, nampita. Narudi, nampita. Aliwapigia makasisi, madereva, wauza mbao. Mwishowe akawapigia waliokuwa chini yake wizarani. Mtu huyo sikuwahi kumwona akiomba hata chumvi. Nilimsikia kupitia ukuta. Lugha yao siijui, ila kuomba nakujua. Mmoja akakubali kutuma gari kwa mama wa Mheshimiwa. Gari likaenda mpaka kwenye daraja, daraja halipo, likarudi.

Halafu kukawa na basi la kanisa. Wenye mji walikusanyika kulisubiri kwenye stesheni ile ya zamani, kwa sababu ndipo mahali walipozoea kusubiri. Haya tuliyajua kutoka kwa mwanamke mmoja, jirani yao, aliyefika salama akampigia Waziri. Mama yake alitoka nyumbani kwake, hatua chache tu, akauliza wa mwisho ni nani. Jirani akasema ni mimi. Mama akasema, basi niko nyuma yako, akarudi ndani kufunga maji, mabomba yasije yakaganda yakapasuka wakati hayupo. Basi likatangulia saa yake. Makombora yalikuwa yanaanguka upande wa pili wa mto. Dereva akawasukuma watu ndani, akafunga mlango.

Waziri aliweka simu kwa sauti ili aweze kushika kichwa kwa mikono miwili, nami nilikuwa nimesimama pale na koti la kazini. Yule mwanamke analia maneno yale yale, tena na tena. Nikamuuliza Waziri anasema nini.

"Anasema, niliwaambia. Niliwaambia kuna mtu nyuma yangu."

Baada ya siku hiyo simu za mji ule hazikupatikana. Hakuna aliyesema amekufa, hakuna aliyesema yu hai. Wiki zikawa miezi. Sijui neno la Kiswahili la hali ile. Kwetu msiba una mkeka, una watu, una chai, una mahali pa kukaa. Huu haukuwa na mahali. Bi Rehema alikuja na kanga akitaka kukaa naye kama tunavyokaa, akafika kwenye ngazi, akageuka. "Nitampa pole ya nini?" akaninong'oneza. "Nikisema pole nimemzika mama wa watu."

Aliacha tai. Aliacha kumwekea mbweha mkate. Jumanne mapipa yakalala nje yamepinduka, nikayatoa mimi, na hata nikijaribu vishikio havikukaa upande mmoja. Neema alikuja kutoka chuo kikuu mwisho wa juma, akakaa ngazi ya chini yake saa nzima. Alipoondoka alisimama kando akamwambia, kwa Kiswahili, neno ambalo sijamsikia akimwambia mtu yeyote kwa hiari yake: "Shikamoo." Waziri hakuitikia. Sidhani alisikia.

Ule msemo wake aliugusia mara moja tu kipindi hicho, mimi nikipita na ndoo. "Nilidhani mtu wa mbali hana sura," akasema. "Ana sura, Mama Neema. Ana miwani iliyofungwa kwa uzi."

Nilikuwa nalala na ile Jumapili, naamka nayo. Nikipika ugali nakiona kidole chake juu ya mstari. Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikakaa kwenye ngazi karibu naye, na vitambaa vya kazi mkononi, nikamwambia.

"Mzee, mimi ndiye niliyekwambia usimpendelee."

Ilimchukua muda kunielewa. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Nilikuwa nimesaini Ijumaa. Wewe nilikuuliza Jumapili."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

Alitazama chini, kwenye mlango wetu, pale barua zinapoangukia.

"Nilitaka nisikie mtu akisema, muache mama yako na treni yake," akasema. "Mtu mmoja tu. Ningerudi nikafuta, au nisingefuta, sijui. Nilitaka kusikia tu."

Nilishuka nikakaa jikoni na sikuwasha jiko. Naiona ile karatasi mpaka leo. Chini kulia palikuwa na mstari wa kusainia, na juu ya mstari hapakuwa na kitu. Labda ilikuwa nakala. Wakubwa wana nakala nyingi. Labda macho yangu yamenidanganya, na labda naikumbuka vile ninavyostahili kuikumbuka. Lakini kama haikuwa imesainiwa, basi mtu yule, ambaye hakumpendelea rafiki wala mama yake mzazi, amenipendelea mimi. Na hilo silijui nilifanye nini. Siwezi kumrudishia, na kumuuliza tena ni kumtesa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya samaki. Hapakuwa na mvua. Mbele yangu watu kama sita, nyuma yangu hakuna. Nikasikia hatua nikageuka. Amevaa tai, amenyoa, na begi dogo begani, lile la chuoni.

"Naenda," akasema. "Basi la saa nane, kutoka kituo cha Victoria. Mpaka Poland, halafu nitaona."

"Mzee, utafikaje kule? Hakuna tre..." Nikajiuma ulimi, nimechelewa.

"Najua," akasema. "Nilifunga mimi. Nitafuata reli kwa miguu. Imenyooka."

Nilitaka kumwambia umri wake. Nilitaka kumwambia kwamba mama yake, kama yupo, asingependa, na kama hayupo, hatajua. Nilitaka kumwambia abaki, aje ale, Bi Rehema ataleta mikate. Yote yalikuwa maneno ya haki na sikutoa hata moja. Niliogopa. Mara ya mwisho aliponisikiliza, nimeshaandika yaliyotokea.

Akanyoosha shingo akaikagua foleni, mbele na nyuma, kama anayehesabu.

"Wa mwisho ni nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Basi niko nyuma yako."

Akaitikia kwa kichwa, vile vile kama aliyepewa risiti, akashika njia ya stesheni. Hakukagua vitunguu safari hii. Nikamtazama mpaka tai haionekani, na begi halionekani, na nikawa natazama watu wengine tu.

Akaja msichana na kigari cha mtoto, nikamwambia apite mbele yangu. Wakaja mzee na mkewe, wakapita. Foleni ikasogea, mimi nikabaki, ikasogea, nikabaki, nikafika mbele kwa sababu hapakuwa na wengine. Muuza samaki ananifahamu miaka mingi. Alikuwa ameshanichagulia vibua. Nikamwashiria bado. Akawauzia watu wengine watatu kupita begani kwangu. Mchana ukaingia, saa nane ikapita, akaanza kumwaga barafu mtaroni.

"Mama," akasema, "nafunga. Unanunua, hununui? Unasubiri nini?"

Nyuma yangu palikuwa na kina dada wawili wenye mifuko, wamenuna. Mmoja akanisukuma kidogo kwa kiwiko apite.

"Subiri," nikamwambia, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na soko lote likageuka. "Kuna mtu nyuma yangu."